Machozi Bila Kilio

Je, umewahi kujiuliza kwa nini mtu akilia pua nayo inatoa kamasi? Au kwa nini ukitiwa dawa ya matone jichoni, baada ya muda mfupi unasikia uchungu kooni kana kwamba umeinywa? Wengine hudhani ni mawazo tu. Si mawazo. Kati ya jicho na pua kuna mfereji, na kile unachokionja ni dawa iliyoteremka kupitia humo.

Mfereji huo ukiziba, machozi yanakosa pa kwenda. Yanafurika na kutiririka shavuni hata kama mtu anacheka.

Nilisoma na msichana mmoja wa namna hiyo, shule ya bweni, kidato cha tatu. Jina lake silitaji, asingependa. Jicho lake la kushoto lilikuwa likichuruzika tangu alipokuwa mtoto mchanga. Asubuhi aliamka na tongotongo zito, kope zimegandana. Daftari zake zilikuwa na madoa ya maji. Wavulana walimpa jina la "Bomba", na mimi, sina haja ya kujificha, nilikuwa mmoja wa waliomwita hivyo. Tulidhani ni jambo la kuchekesha. Hatukujua kuwa nyuma ya yale machozi kulikuwa na mfuko uliojaa usaha, sentimita chache tu kutoka kwenye jicho.

Kabla sijaendelea na habari zake, hebu tuangalie mfereji wenyewe ulivyo.

Nawa mikono, simama mbele ya kioo. Vuta taratibu ngozi ya kope la chini, kisha tazama kwenye ukingo wa kope karibu na pua. Utaona kijiuvimbe kidogo chenye kitundu katikati, mfano wa alama ya ncha ya sindano. Kope la juu nalo lina chake. Hapo ndipo machozi yanapoingilia.

Machozi yanatengenezwa na tezi iliyo upande wa juu wa jicho, kuelekea sikioni. Yanatandaa juu ya jicho na kulilowesha, halafu kila unapopepesa macho yanasukumwa kuelekea pembe ya ndani. Pale yanaingia kwenye vile vitundu viwili, yanapita kwenye vijia vyembamba vyenye urefu wa kama milimita 10, na kumwagika katika mfuko wa machozi. Mfuko huo umekaa ndani ya kibonde cha mfupa, ubavuni mwa pua. Kutoka hapo mfereji unateremka ndani ya mfupa hadi puani. Kupepesa macho ndiko pampu yenyewe: misuli ya kope inaminya na kuachia, na machozi yanavutwa. Kwa hiyo kila unapopepesa unapiga pampu bila kujua.

Mahali panapoziba mara nyingi ni chini ya mfuko, kwenye ule mfereji wa mfupani. Watoto wengi huzaliwa na kijingozi chembamba ambacho bado hakijafunguka mwishoni mwa mfereji. Hao wengi wao, kama 9 katika kila 10, hupona wenyewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hasa mama akifundishwa kusugua taratibu pale kwenye mfuko kwa kidole safi, akielekeza chini. Wasiofunguka huzibuliwa hospitalini kwa kijiti chembamba cha chuma, kazi ya dakika chache. (Ila ukiona mtoto mchanga anatoa machozi, anaogopa mwanga, na jicho linaonekana kubwa au lina ukungu, usisubiri mwaka. Huenda ni presha ya jicho, na hiyo ni dharura.)

Kwa watu wazima mfereji hupungua upana kidogo kidogo kwa sababu ya uvimbe wa muda mrefu ndani yake. Wanawake wa umri wa kati na kuendelea ndio hupata zaidi kuliko wanaume. Wapo pia walioumia pua au uso katika ajali, mfupa ukavunjika na kubana mfereji. Mwenzetu yeye alikuwa katika lile kundi dogo la waliozaliwa nalo na halikufunguka. Wala hakuna aliyempeleka hospitali utotoni. Nyumbani walisema "ana machozi ya karibu", basi ikawa hivyo.

Sasa maji yaliyosimama unayajua. Dimbwi nyuma ya nyumba likikaa wiki mbili linaota kijani na kunuka. Machozi yaliyosimama mfukoni nayo ni hivyo hivyo: bakteria wanazaliana, usaha unajaa. Ukibonyeza pale kwenye pembe ya ndani, kando ya pua, ute au usaha unarudi juu kupitia vile vitundu na kuingia jichoni. Hii ni dalili kubwa, na mganga wa macho hataacha kuibonyeza.

Hatari yake haiishii kwenye aibu ya kujifuta. Fikiria mtu mwenye mfuko wa namna hiyo anapalilia mahindi, jani likamkwaruza jicho. Kwa mtu mwingine mchubuko huo ungepona baada ya siku mbili tatu. Kwake yeye bakteria wako mlangoni, wanaingia kwenye mchubuko, na anaweza kupata kidonda cha kioo cha jicho kitakachomwachia kovu jeupe au upofu. Kwa sababu hiyo hiyo, bibi yako akienda kutolewa mtoto wa jicho, watamchunguza kwanza mfuko wa machozi. Wakikuta usaha, operesheni ya mtoto wa jicho inangoja mpaka tatizo la mfuko liishe, la sivyo vijidudu vinaweza kuingia ndani kabisa ya jicho.

Haya, turudi bwenini. Muhula wa pili, wiki mbili kabla ya mtihani, mwenzetu aliamka uso umevimba. Pembe ya jicho la kushoto ilikuwa nyekundu, ngumu, ya moto, hataki hata kuguswa na upepo. Homa juu. Jipu la mfuko wa machozi. Mmoja wetu alisema tulikamue. Mwingine alileta majani aliyosema kwao hutwangwa na kukamuliwa jichoni. Bahati nzuri matroni alifika kabla majani hayajatwangwa.

Usikamue jipu la mahali hapo, hata siku moja. Usaha ukisukumwa nyuma unaweza kusambaa kuzunguka jicho lenyewe. Na maji ya majani, mkojo, tumbaku au asali jichoni, vyote hivyo vimewaharibu watu macho wakiwa na nia njema kabisa.

Hospitali walimpa antibiotiki na dawa ya maumivu, wakamwambia upasuaji utafanyika baadaye, uvimbe ukishatulia. Hapo alikasirika. "Si wanikate sasa hivi tumalize?" Lakini nyama iliyowaka moto hivyo huvuja damu sana, na dawa ya ganzi haishiki vizuri penye usaha. Kwa hiyo walisubiri. Mtihani alifanya jicho likiwa limefunikwa nusu.

Aliporudi, mtaalamu alimfanyia kipimo rahisi ambacho mimi nakipenda. Alidondoshea jicho dawa ya ganzi, akaingiza kwenye kitundu cha kope kijisindano butu, akasukuma maji ya chumvi. Njia ikiwa wazi, mgonjwa anasikia chumvi kooni na kumeza. Yeye hakusikia kitu, maji yote yalirudi na ute. "Nitakupasua ukiwa macho," daktari akamwambia, "kwa ganzi tu."

Usiku ule alirudi bwenini analia, safari hii kwa macho yote mawili. Kupasuliwa jicho ukiwa macho! Nani angekubali?

Kwanza, si jicho linalokatwa. Jicho lenyewe haliguswi. Kinachopasuliwa ni ngozi ya ubavu wa pua. Pili, hebu tuone ganzi ni nini.

Maumivu husafiri kwenye mishipa ya fahamu kama ujumbe kwenye waya wa simu. Mnaosoma baolojia mnakumbuka: ujumbe unasonga kwa sababu chembe za sodiamu zinaingia ndani ya mshipa kupitia vijilango vidogo sana. Dawa ya ganzi inaziba vijilango hivyo. Sodiamu haiingii, ujumbe unakatikia njiani, ubongo haupati habari. Dawa ikiisha nguvu, vijilango vinafunguka na mambo yanarudi kama zamani. Mishipa myembamba inayobeba maumivu huzibika kwa urahisi zaidi kuliko minene inayobeba mguso. Ndiyo maana mtu aliyepigwa ganzi anaweza kusema, "Nasikia unanisukuma, lakini siumwi." Wengi hushtuka hapo wakidhani dawa haijafanya kazi.

Na huu ujuzi ulianzia kwenye jicho hasa. Mwaka 1884 kijana mmoja daktari wa Vienna, Carl Koller, aligundua kuwa kokeni ikidondoshewa jichoni inalifanya life ganzi. Alijaribu kwa wanyama, kisha kwake mwenyewe. Hakuwa na nauli ya kwenda kwenye mkutano wa madaktari wa macho huko Heidelberg, Ujerumani, ikabidi daktari mwingine amsomee ripoti yake. Kabla ya hapo watu walishikwa kwa nguvu wakipasuliwa macho. Kokeni ina ubaya wake, mnaujua, na baadaye zikapatikana dawa salama zaidi. Inayotumika sana leo, lignokaini, ilitengenezwa nchini Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren.

Kwa nini basi ganzi, na siyo nusu kaputi? Sehemu hii ya uso ina mishipa mingi ya damu. Lignokaini huchanganywa na adrenalini kidogo, ambayo inabana mishipa hiyo. Damu inapungua, daktari anaona anachofanya, na ganzi nayo inadumu muda mrefu zaidi. Dawa nyingi za nusu kaputi hulegeza mishipa, damu ikazidi. Mgonjwa wa ganzi pia hahitaji mtaalamu wa usingizi na mashine zake kwa muda wote, anaamka mezani na kutembea mapema, na mara nyingi halali hospitali. Kwa mzee mwenye moyo dhaifu hiyo ni faida kubwa. Hata hivyo si kila mtu anafaa. Mtoto mdogo hawezi kutulia, huyo atalazwa usingizi. Na wewe ukijijua ni mwoga kupita kiasi, sema. Daktari hatakucheka, anaweza kukupa dawa kidogo ya kutuliza au kubadili mpango.

Sema pia kama una pumu, presha, au ugonjwa wa moyo, kama damu yako haigandi upesi, kama uliwahi kudhurika na sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, na kama unakunywa aspirini. Aspirini inazidisha kutoka damu. Usinyamaze eti utaonekana unajidai.

Siku yenyewe alinisimulia mara nyingi mpaka naona kama nilikuwepo.

Walianza na pua. Waliweka ndani yake kitambaa chembamba kilicholoweshwa dawa ya ganzi na ya kubana mishipa. Kinawasha, machozi yanatoka, baada ya muda unahisi nusu ya pua imepotea. Halafu sindano: moja karibu na pembe ya ndani ya jicho, juu kidogo, nyingine pale patakapokatwa, nyingine chini ya jicho. Hapa tusidanganyane, sindano inauma. Inachoma kama kuumwa na siafu, kwa sekunde kadhaa, kisha inatulia. Alisema hayo ndiyo maumivu makubwa ya siku nzima. Wakasubiri kama dakika 10 dawa ikolee. Daktari akamgusa kwa kitu chenye ncha akauliza, "Unasikia?" Hakusikia.

Uso ukafunikwa kwa vitambaa safi, pakabaki dirisha dogo. Nesi alimshika mkono, akamwambia asigeuze kichwa hata kidogo. Akitaka kukohoa au kupiga chafya aminye mkono kwanza, daktari atoe vyombo vyake.

Mkato ni mdogo, kama sentimita moja na robo hivi. Daktari anapenya mpaka kwenye mfupa, na hapo ndipo penye kazi. Haendi kuzibua ule mfereji ulioziba, kwani ukizibuliwa kwa mtu mkubwa mara nyingi hujifunga tena. Anajenga njia ya mchepuko. Wazo hili aliliandika daktari wa Italia, Addeo Toti, mwaka 1904: kwa kuwa mfuko wa machozi umeegemea mfupa, na nyuma ya mfupa ni pua, toboa mfupa hapo hapo na machozi yaingie puani moja kwa moja. Sehemu ya mfupa huo ni nyembamba kama ganda la yai, nyingine ni nene kidogo. Unang'atwa vipande vidogo vidogo kwa koleo maalumu, mpaka panakuwa na dirisha la karibu sentimita moja na nusu. Linafanywa kubwa makusudi, maana likipona hujibana sana.

"Mlio ndio uliniogopesha," alisema. "Ka! Ka! Ka! Kama mtu anatafuna mfupa wa kuku ndani ya kichwa changu." Maumivu hakuna, ila mlio wa mfupa unasafiri hadi sikioni. Afadhali ujue kabla kuliko kuusikia ghafla. Pia damu kidogo huteremka kooni. Kuna mrija wa kuivuta. Ukiihisi mdomoni iteme, usiimeze, itakuchafua tumbo.

Baada ya hapo mfuko wa machozi unapasuliwa, usaha unasafishwa, na kuta zake zinashonwa na ngozi laini ya ndani ya pua ili njia mpya iwe na kuta za kudumu. Uboreshaji huu wa kushona uliletwa na Wafaransa Dupuy-Dutemps na Bourguet miaka ya 1920. Mara nyingine hupitishwa kijimpira chembamba cha silikoni kutoka kwenye vitundu vya kope hadi puani, kisaidie njia isijifunge. Kisha ngozi inashonwa. Yote hayo yalichukua kama saa moja. Alitoka thieta kwa miguu yake, akauliza chai iko wapi.

Chai ya moto hakupewa, kwa kuwa vitu vya moto siku hiyo huamsha damu ya pua. Usiku alilala ameinua kichwa kwa mito miwili. Asipenge kamasi kwa wiki mbili, maana kupenga kunaweza kuanzisha damu au kusukuma hewa chini ya ngozi ya uso mpaka uvimbe. Akipiga chafya aachame mdomo. Jicho lilivimba na kupiga weusi kama mtu aliyepigwa ngumi, weusi ukaisha wenyewe. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki moja. Kijimpira kilikaa miezi miwili, na mara moja alikiona kimechomoza kidogo pembeni mwa jicho akataka kukivuta. Usikivute. Rudi hospitali wakurudishie. Rudi pia haraka ukiona damu ya pua haikatiki, homa, au kuona kunapungua.

Hii operesheni inafaulu vizuri. Kwa mpasuaji mwenye uzoefu ni kama wagonjwa 9 kati ya 10. Wachache njia yao hujifunga tena kwa kovu na kuhitaji kurudiwa.

Zahanati ya kijijini haifanyi kazi hii, lakini ndiko pa kuanzia, wakuandikie barua. Hospitali ya wilaya huwa na mhudumu wa macho anayeweza kukupima kwa maji ya chumvi. Kwa upasuaji, uliza kwenye hospitali zenye idara kubwa za macho, mfano wa KCMC Moshi, Muhimbili na CCBRT Dar es Salaam, au Kikuyu kwa walio Kenya. Ulizia gharama mapema, na kama una bima ulizia inalipa nini.

Na je, kila jicho linalotoa machozi lina mfereji ulioziba? Hapana. Vumbi, mzio, kope zilizojikunja ndani kwa sababu ya trakoma na kukwaruza jicho, hata jicho kavu, vyote huleta machozi. Ndiyo maana ya kupimwa kwanza. Usikubali kununua tyubu ya dawa dukani kila mwezi, mwaka hata mwaka, bila mtu kubonyeza ule mfuko.

Swali linaloulizwa sana na wasichana ni kovu. Kovu lipo, mstari mwembamba kando ya pua, na kwa watu wengi baada ya miezi kadhaa ni shida kuliona. Wenye asili ya makovu yanayovimba wamwambie daktari mapema. Kuna pia njia ya kupasulia ndani ya pua bila kukata uso, kwa kutumia darubini nyembamba, ila vifaa vyake haviko kila mahali.

La mwenzetu mimi nililitafuta sana siku aliyorudi darasani. Nilikuwa nimekwenda kumwomba radhi kwa lile jina. Aliniangalia, akainua kidole akanionyesha mahali penyewe, kisha akaniambia nihame, namkinga ubao.